Kutoka Getini Hadi Mlangoni

Jumanne moja, saa kumi jioni, Mutegi aliagana na mwenye teksi, akafungua geti la buluu la nyumba yake pale Laare, akaanza kutembea kwenda mlangoni. Alikuwa na mkoba wa magurudumu na mfuko wa karatasi wenye tende. Njia ile aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kabro, mekundu na ya kijivu, na aliujua urefu wake: hatua arobaini na mbili. Tangi la maji lilikuwa hatua ya kumi. Mti wa avokado ulikuwa hatua ya thelathini. Baada ya hapo kulikuwa na ngazi mbili, kisha mlango.

Siku hiyo alitembea karibu dakika ishirini kabla ya kufika kwenye tangi.

Hakusimama. Alikuwa ametoka safari ndefu, na mtu aliyetoka safari ndefu haulizi maswali mengi. Kabro zilikuwa zile zile, nyekundu na kijivu, ila zilikuwa nyingi. Alipofika mlangoni ilikuwa saa kumi na moja na robo. Mkewe, Wanjugu, alikuwa barazani akichambua maharagwe. Alimwambia kwamba alimwona akiingia getini, akammiminia chai, na sasa chai ilikuwa imepoa.

"Ulikuwa unafanya nini pale njiani, Baba Purity?"

"Nilikuwa nakuja."

Wanjugu aliirudisha chai kwenye sufuria, akaipasha moto.

Kesho yake Mutegi alitoka kununua gazeti dukani. Kwenda nje, njia ilikuwa hatua arobaini na mbili kama kawaida. Kurudi ilimchukua saa moja na robo. Alilisoma gazeti lote akitembea, hata matangazo ya vifo.

Wanjugu alichukua kamba wanayopimia mashimo ya miche, akaipima njia. Kwake haikuwa imeongezeka hata shubiri moja. Kwa majirani ilikuwa vilevile, na kwa mbuzi pia. Mutegi akajaribu kuingia kwa pikipiki. Alibebwa na Muchangi, mwendesha boda wa makamo ambaye hana haraka na mtu. Walipita getini pamoja. Muchangi alifika mlangoni papo hapo, kiti cha nyuma kikiwa kitupu, na Mutegi alibaki kule karibu na geti amesimama na helmeti kichwani. Muchangi alidai nauli kamili kwa sababu yeye alifika. Wanjugu aliona ana haki, akamlipa.

Afisa wa ardhi alikuja na mkanda wake wa kupimia. Alimpa Mutegi ncha moja aingie nayo getini, yeye akatangulia na nyingine hadi mlangoni. Mkanda uliisha kabla Mutegi hajafika popote. Afisa aliandika kwamba kipimo cha ndani cha mwenye ploti hakilingani na kipimo cha nje, akatia sahihi, akamhakikishia Mutegi kwamba hatatozwa kodi ya ardhi kwa sehemu iliyoongezeka. Watu wa Laare walisikia. Walisema kila boma lina mambo yake.

Aliyelipatia jambo hilo hesabu ni Purity, binti yao wa pekee, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya kutwa upande wa Meru mjini. Alikuja Jumamosi, akaomba simu ya babake, akafungua ukurasa wa shirika la ndege ambalo babake husafiri nalo. Pale palikuwa na kadi yake na jumla ya maili alizoruka. Purity alichukua daftari, akaandika kidogo, akalifunga.

"Maili moja, hatua moja," alisema.

Ili kuhakikisha, alifungua orodha ya bidhaa ambazo msafiri anaweza kuchukua kwa maili zake. Alichagua birika la umeme la maili elfu nne. Kisha alimwomba babake atoke nje ya geti na kuingia tena. Safari hii Mutegi alifika dakika arobaini mapema kuliko kawaida. Birika lenyewe lilikuja kwa mzigo wiki mbili baadaye, na Wanjugu analitumia hadi leo.

"Basi dawa iko," Purity alisema.

Mutegi alisema amesikia. Purity aliporudi shuleni, babake alibadilisha namba ya siri ya ile kadi.

Sababu yake ilikuwa hii. Katika shirika lile, viti vya daraja la kwanza visivyonunuliwa hupewa wasafiri wa nyuma muda mfupi kabla ya ndege kuondoka, na mara nyingi kinachobaki ni kimoja. Hupewa mwenye maili nyingi kwenye kadi siku hiyo. Si aliyeruka nyingi maishani, bali aliye nazo. Ukichukua birika umeshuka. Na anayeketi mbele huandikiwa maili mara mbili, ili aliye juu azidi kuwa juu. Wasafiri wazoefu huita jambo hilo kupandishwa. Hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana kama umepandishwa.

Mutegi aliacha shule darasa la sita. Kwa miaka tisa alikuwa akipakia miraa kwenye pikapu na kusafiri nayo, yeye nyuma juu ya magunia, kwenye mvua na vumbi, na mwenye gari mbele. Kiti cha mbele kilikuwa na kitambaa cha manyoya. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kukikalia, hata gari likiwa limesimama. Baadaye aliingia biashara ya makadamia, akafanikiwa, akaanza kwenda Guangzhou kuonana na wanunuzi. Siku ya kwanza alipopandishwa, mhudumu alimfunika blanketi na kumwita kwa jina lake mara nne. Mutegi alihesabu.

Wanunuzi walikwisha kumwambia kwamba si lazima aje, picha za makadamia kwenye simu zinatosha. Yeye aliendelea kwenda. Kila aliporudi njia ilikuwa imeongezeka. Aliacha kwenda sokoni. Akaacha kwenda kanisani, kwa sababu ibada ilikuwa ya saa mbili na kurudi kulikuwa kwa saa sita. Akiwa nyumbani alikaa ndani, na akitoka alitoka moja kwa moja kwenda uwanja wa ndege.

Wanjugu alizoea kumwona akija. Kutoka barazani alionekana vizuri, mtu anayetembea kwa nguvu, mikono ikienda mbele na nyuma, lakini akisogea kama mshale wa saa. Mwanzoni Wanjugu alitoka kwenda kumpokea mkoba. Alijikuta amefika getini, na alipogeuka aliuona mgongo wa mumewe mbele yake. Alijaribu mara mbili, akaacha. Badala yake alianza kuweka chupa ya chai chini ya mti wa avokado. Mutegi akifika hapo aliikuta, akanywa, akaendelea. Jioni chupa ilikuwa tupu, na hivyo Wanjugu alijua amefika wapi hata bila kuangalia.

Mtu aliyemsumbua Mutegi alikuwa Nyamu. Nyamu alikuwa mfanyabiashara wa avokado kutoka Manyatta, kule Embu, upande wa pili wa mlima ule ule wa akina Mutegi, mzee wa miaka sitini mwenye kofia ya manyoya. Walikuwa wamejuana miaka sita na hakuna aliyewahi kufika kwa mwenzake. Walikutana kwenye chumba cha kusubiria ndege kule Ghuba, ambako ndege hubadilishwa. Waliketi mbalimbali na kila mmoja akiangalia simu. Kila mara jina lililoitwa lilikuwa la Nyamu. Kwa miaka sita Mutegi alikijua kisogo cha Nyamu kuliko uso wake, maana alikiona kikipotea nyuma ya pazia.

Mwezi wa Machi wa mwaka huo wa sita, Purity alileta habari kwamba Murungi, kijana mwenye duka la chakula cha mifugo pale Gakoromone, anataka kuleta watu. Wanjugu alifurahi. Mutegi pia alifurahi. Ilipangwa iwe Jumamosi ya tatu ya Aprili.

Kwa watu wa kwao, mwanamume akitaka binti, jamaa zake huleta bunda la miraa iliyochaguliwa vizuri, limefungwa kwa jani la mgomba. Baba wa binti hulipokea kwa mikono yake miwili akiwa nyumbani kwake. Akilipokea, mazungumzo yanaweza kuanza. Asipolipokea, hakuna la kuzungumza, hata kama wote walioketi pale wanapendana. Na miraa ni kitu cha siku hiyo. Katika boma la Mutegi, tangu kwa babu yake, bunda la posa halilali. Jua likishuka hadi saa kumi halijapokelewa, walioleta huondoka nalo.

Purity alimpigia babake simu mara tatu kuhusu siku hiyo. Hakumwomba kitu kingine. Alimwambia aanze kutembea mapema.

Wakati huo kadi ya Mutegi ilikuwa na maili elfu tisini na sita. Ya Nyamu ilikuwa na laki moja na sitini na moja elfu. Wenye kadi hizo huonyeshwa orodha, kwa hiyo Mutegi aliyajua haya kama anavyojua bei ya makadamia. Alijua pia kwamba anayefikisha laki moja hupewa na shirika zawadi ya maili elfu hamsini. Akakaa mezani na kalamu. Akienda Guangzhou mara moja tu na kurudi, akapandishwa kila mahali ambapo Nyamu hayupo, pamoja na ile zawadi, angekutana na Nyamu kule Ghuba akiwa amempita.

Kisha alihesabu njia. Maili za kuruka zingefika laki moja na kumi na tisa elfu na kitu. Hizo ni hatua za siku moja na nusu. Akianza Ijumaa alfajiri, angefika mlangoni Jumamosi saa sita, wageni wakiwa wameketi na chakula hakijaletwa. Zile elfu hamsini hakuziweka kwenye hesabu ya njia. Zilikuwa zawadi. Hakuna aliyeziruka.

Akaondoka Jumapili. Hatua arobaini na mbili.

Mambo yalikwenda kama alivyopanga. Alipandishwa kwenda, akapandishwa kurudi. Kule Guangzhou alikunywa chai na mnunuzi mmoja aliyekuwa na haraka. Jumatano mchana aliketi kwenye chumba cha kusubiria kule Ghuba, akamwona Nyamu akiingia na kofia yake. Msichana wa mezani alikuwa Mkenya, Lydiah, na alikuwa akiwajua wote wawili. Alimwita Mutegi. Alimpa kadi mpya ya kupandia ndege, kiti cha mbele kabisa, akampongeza kwa Kiswahili. Nyamu alisikia jina lile, akatazama simu yake, akaizima.

Halafu alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka sita. Alikuja na kikombe chake akaketi karibu na Mutegi.

"Umenipita, Mmeru."

"Ni zamu."

"Nilidhani nyinyi mnajua kuvuna miraa na kukasirika tu. Kumbe mnajua pia kungoja."

Mutegi alicheka kidogo. Walikunywa. Nyamu aliuliza kama bado ana nyumba, na Mutegi akajibu kwamba anayo, kwa nini asiwe nayo. Nyamu akasema yeye pia anayo, pale Manyatta, yenye ua wa michongoma, lakini sasa ana chumba karibu na uwanja wa ndege, ni rahisi zaidi. Akaeleza kwamba mamake alifariki mwaka juzi. Alipata habari akiwa safarini, akafika getini siku moja kabla ya mazishi. Alitembea siku tatu ndani ya ua wake. Aliwaona waombolezaji wote kwa mbali, akawaona wakiimba, akawaona wakienda. Alipofika kaburini maua yalikuwa yamekauka na ndugu zake walikuwa wamerudi kazini. Alisema haya yote kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba sukari.

"Ulihesabu vibaya?" Mutegi aliuliza.

"Nilihesabu vizuri. Ila kuna ile zawadi ya elfu hamsini. Hata mimi nilidhani haina miguu."

Mutegi alimtazama. Nyamu alikuwa akitazama kikombe.

"Una shughuli nyumbani?" Nyamu aliuliza. "Kama unayo, zitoe sasa. Huyo msichana anaweza kukufanyia hapo mezani. Chukua hata masufuria."

Mutegi aliona mtego. Akizitoa zile elfu hamsini, kadi ingeshuka, kile kiti kingerudi kwa aliye wa pili, na wa pili ndiye huyu aliyekuwa akimshauri. Alifikiri kwamba Waembu ni watu wapole sana wanapotaka kitu. Alimshukuru Nyamu, akasema atafikiria.

"Haya," Nyamu alisema. Alirudi kwenye kiti chake cha awali.

Kwenye ndege Mutegi alipita mbele ya pazia na Nyamu akabaki nyuma yake. Alifunikwa blanketi. Aliitwa kwa jina mara tano. Kiti cha mbele kabisa kilikuwa na ukuta pande zote mbili, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa upande ule. Alilala kidogo. Aliota yuko juu ya magunia.

Alifika Laare Alhamisi jioni, akalala kwa kaka yake, Kaburu, boma la jirani, ili asianze kutembea gizani. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri alifungua geti la buluu, amevaa koti la kijivu la sherehe, akaanza. Alitembea vizuri. Jioni hakuwa amefika kwenye mti wa avokado, lakini hilo hakulishangaa, ni siku moja na nusu. Alilala juu ya kabro na mkoba chini ya kichwa. Wanjugu alimwona kutoka dirishani, akazima taa.

Jumamosi wageni walifika saa nne. Walikuwa watu saba, Murungi mwenyewe akiwa wa mwisho na mwenye suti. Walipita getini, wakampita Mutegi njiani, wakamwamkia. Yeye hakuwaona wala kuwasikia. Upande wake kulikuwa na kabro tu. Waliketi barazani. Bunda liliwekwa mezani, jani lake likiwa bado na umande. Kaburu, aliyekuwa akisimamia upande wa familia, aliwaeleza kwamba mwenye nyumba yuko njiani, na wote walitazama wakakubali kwamba kweli yuko njiani.

Saa sita kamili Mutegi alifika kwenye mti wa avokado. Aliikuta chupa ya chai. Aliinua macho akitarajia ngazi mbili na mlango, akaona kabro, na mbali sana kitu kinachong'aa, kidogo kama punje ya makadamia. Yalikuwa mabati ya nyumba yake. Alisimama akijumlisha kichwani. Simu ikalia.

"Baba, unatuona?" Alikuwa Purity.

"Naona mabati."

"Sisi tunakuona vizuri. Umesimama hapo kwa avokado na ile koti ya kijivu. Ni hatua kumi na mbili tu."

"Wageni wako sawa?"

"Wako sawa. Bunda liko mezani. Baba, ulihesabu ile zawadi?"

Mutegi aliyatazama tena yale mabati.

"Nyumba haijui kama ulipewa ama uliruka," Purity alisema. "Lakini sikiza. Uliyotembea umetembea. Zimebaki hizo elfu hamsini peke yake. Fungua simu uchukue birika. Birika kumi na tatu zinatosha. Utakuwa hapa kabla hawajanawa mikono."

"Kumi na tatu."

"Tutawapa watu. Mama amesema hata ile ya kanisa imeharibika."

Aliposema hivyo Purity alicheka, na Mutegi akacheka pia. Alimwambia angoje kidogo. Alifungua ukurasa wa shirika, akaingiza ile namba ya siri ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Jumla ilikuwa laki moja na sitini na tisa elfu. Birika lilikuwa pale, picha ile ile, na kitufe cha kuongeza idadi. Alibonyeza hadi kumi na tatu.

Chini yake palikuwa na orodha ya ndege ya Jumatano iliyofuata. Wa kwanza, Mutegi. Wa pili, Nyamu. Kwa miaka sita hakuwahi kuliona jina lake juu ya lile jingine, akawa analitazama.

Barazani walimwona amesimama bila kusogea, kichwa kimeinama. Murungi alisimama pia, kwa heshima. Wanjugu alifuta mikono kwenye leso, akaja karibu na ngazi.

Mutegi aliirudisha simu mfukoni. Akaushika mkoba, akaanza kutembea tena, kwa kasi zaidi kuliko asubuhi.

"Anajitahidi," alisema mmoja wa wageni.

Walikula. Walizungumza juu ya mvua na bei ya chakula cha ng'ombe. Saa tisa jani la mgomba lilianza kujikunja pembeni. Mmoja wa wazee wa upande wa Murungi aliuliza, kwa upole, kama Kaburu kama kaka mkubwa hangeweza kupokea bunda kwa niaba ya ndugu yake. Kaburu aliitazama njia kabla ya kujibu.

"Mkono wangu ungepokea kama ndugu yangu angekuwa amekufa," alisema. "Hajafa. Tunamwona."

Saa kumi wageni walisimama, wakashukuru kwa chakula, wakalichukua bunda lao. Mutegi alikuwa hatua sita kutoka mlangoni, jasho limelowesha koti. Walipompita, kila mmoja alimpungia mkono. Murungi alisimama mbele yake kwa muda, akamtengenezea kola ya koti iliyokuwa imejipinda, lakini mkono wake haukugusa kitu, akaondoka.

Jioni miguu ya Mutegi ilivimba. Alilala hatua mbili kutoka mlangoni. Wanjugu alitoka na blanketi, na kwa kuwa hakuweza kumfunika, alilitandika kwenye kabro iliyo mbele yake, pale ambapo angefika kesho.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi Purity alitoka na sanduku lake. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemzuia. Alikuwa anaenda Gakoromone kwa Murungi, bila bunda na bila neno la baba, kama wanavyofanya wale wasio na mtu wa kuwapokelea. Alisimama kando ya babake aliyelala. Alimwangalia viatu, vilikuwa vimeisha soli. Alimzunguka kwa uangalifu kama mtu anavyomzunguka mgonjwa, kisha akaenda zake hadi getini, hatua arobaini, ambako Muchangi alikuwa akimngoja na pikipiki.

Mutegi alifika mlangoni saa tatu. Alikuwa amejifunika lile blanketi mabegani. Wanjugu alikuwa ameenda kanisani. Mlango haukuwa umefungwa. Mezani palikuwa na majani machache ya miraa yaliyodondoka, makavu, na alama ya maji ambapo bunda lilikuwa limewekwa. Aliketi kwenye kiti cha baba wa binti, kilichokuwa kimetandikwa kitambaa cheupe tangu jana, akangoja. Hakuna aliyekuja. Aliwasha lile birika.

Wanjugu aliporudi kutoka kanisani alimkuta hapo. Alivua viatu, akaketi upande wa pili.

"Purity ameenda," alisema.

"Nimeona kitanda."

"Ulikaa wapi safari hii?"

"Mbele kabisa."

"Kulikuwa na mtu wa kuongea naye?"

"Viti vya huko vina ukuta," alisema.

Wanjugu alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za mji asiokusudia kwenda. Alimletea maji ya moto na chumvi, akamwosha miguu. Siku tatu Mutegi alikaa ndani na miguu kwenye beseni. Mara mbili alitaja Gakoromone, kwamba angependa kwenda kuwaona, na Wanjugu akamkumbusha kwamba kwenda ni rahisi. Jumatano asubuhi alivaa viatu vipya. Wanjugu hakuwa amemaliza kunywa chai yake alipolisikia geti likifungwa. Hatua arobaini na mbili.

Tangu hapo watu wa Murungi wamerudi na bunda mara tatu. Mara zote tatu mwenye nyumba alikuwepo na alionekana na kila mtu, mara moja akiwa karibu na tangi, mara mbili hata hajalifikia. Kaburu anasema mtu aliye njiani hawezi kukubali wala kukataa. Nyamu, inasemekana, amekwisha kumpita tena, na Mutegi yuko mbioni kumrudia. Wageni wapya wakiuliza yule mtu ni nani, Wanjugu huwaambia ni mwenye nyumba, anakuja. Wageni husema afike salama, kisha huomba sukari.

Purity huja likizo na binti yake wa miaka mitano. Mtoto amejifunza kuhesabu na huipenda ile njia. Huanza mlangoni, hupita chini ya avokado, hupita kando ya babu yake, hugusa geti na kurudi akikimbia. Kwa miguu yake ni hatua tisini. Bibi yake humpa chupa ya chai aipeleke chini ya mti, naye huiweka pale vizuri, mfuniko umekazwa, upande wa mkono wa kulia ambako babu ataiona akifika.